Jema la jana linapogeuka ruhusa ya kukosa leo: tujadili namna maamuzi ya nyuma yanavyoongoza maadili yetu

Mleta mada

Wanajamvi, salaam.

Naomba tujadili kwa utulivu jambo ambalo nimekuwa nikikutana nalo kwa miaka mingi katika kazi yangu ya kukagua hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa hapa Dar es Salaam, kuanzia VICOBA vya akina mama wa Mbagala hadi SACCOS za wafanyakazi zenye ofisi, makarani na kamati za usimamizi. Fedha zinapopotea, wanachama husema kauli inayofanana: "Lakini huyu ndiye tuliyemwamini kuliko wote." Huisema kwa mshangao, kana kwamba uaminifu wa zamani na upotevu wa leo vimekutana kwa bahati mbaya. Kwa maoni yangu, mara nyingi havikukutana kwa bahati mbaya. Cha kwanza kilichangia kukizaa cha pili.

Hoja ninayoileta ni kwamba tendo jema la nyuma halimsukumi mtu upande mmoja tu. Linaweza kumjenga akazidi kuwa mwema, na linaweza pia kumpa ruhusa ya kukosa. Kinachoamua ni jinsi yeye mwenyewe, na sisi tunaomzunguka, tunavyolihesabu: ama kuwa sehemu ya jinsi alivyo, ama kuwa akiba aliyojiwekea ambayo siku moja ana haki ya kwenda kuitoa.

Upande wa kwanza tunaufahamu vizuri, kwa kuwa wahenga walishasema kwamba mazoea hujenga tabia, na wanazuoni wengi tangu enzi za Aristotle wamefundisha kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda haki mara kwa mara. Mwaka 1966 watafiti Jonathan Freedman na Scott Fraser walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya California, ambamo waliwaomba wenye nyumba waruhusu bango kubwa lisilopendeza, la kuwahimiza madereva waendeshe kwa uangalifu, lisimikwe mbele ya nyumba zao. Walioombwa moja kwa moja walikubali kwa asilimia zipatazo 17 tu, lakini miongoni mwa wale waliokuwa wameombwa hapo awali waweke kibandiko kidogo chenye ujumbe wa namna hiyohiyo, waliokubali walifikia asilimia 76. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba aliyekubali dogo alianza kujiona kuwa mtu anayejali mambo ya namna hiyo, na ombi kubwa lilipofika akaona vigumu kujikana.

Upande wa pili ndio unaotuponyoka. Mwaka 2001 Benoît Monin na Dale Miller walionyesha kwamba watu waliopewa kwanza nafasi ya kupinga kauli za kuwadharau wanawake walikuwa wepesi zaidi, muda mfupi baadaye, kusema kwamba kazi fulani inamfaa zaidi mwanamume. Hawakuwa wamebadili imani yao katika dakika hizo chache. Walikuwa wamekwisha kujithibitishia kwamba wao si wabaguzi, na baada ya kujithibitishia hivyo hawakuona tena sababu ya kujichunga.

Nadhani hatuhitaji kwenda mbali kuuona mwenendo huo. Wapo wafanyabiashara wanaofuturisha mtaa mzima mwezi wa Ramadhani, au wanaochangia bati la kanisa bila kubembelezwa, na dukani Kariakoo wakaandika risiti ya nusu ya bei bila kusitasita. Yupo mtumishi wa umma ambaye hajawahi kupokea shilingi ya mwananchi, na ambaye hujisifu kwa jambo hilo kwa haki kabisa, lakini akasaini posho ya safari ambayo hakusafiri. Ukimuuliza hatakwambia kwamba wizi ni halali. Atakwambia kwamba angetaka kuiba angeiba pale kaunta, ambako fedha ni nyingi zaidi. Ni jibu la ajabu, lakini sikilizeni linavyojengwa: jaribu aliloshinda limekuwa malipo ya jaribu analolikubali.

Sasa nije kwa mweka hazina wa kikundi, yule mtunza fedha aliyeaminiwa kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha zaidi ya vitabu. Vikundi vingi huanza na utaratibu mzuri sana: sanduku lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, na fedha zinahesabiwa mbele ya kikao. Mwaka wa kwanza kila mtu yupo macho. Mwaka wa pili mmoja wa washika funguo anahama, mwingine anachelewa vikao kwa foleni ya Kimara, na wote wawili wanamkabidhi mweka hazina funguo zao "kwa kuwa tunamjua". Hapo kikundi kimekwisha kuugeuza uaminifu wake wa mwaka mmoja kuwa msamaha wa kukaguliwa. Siku moja mtoto wa mweka hazina anarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, mweka hazina anachukua fedha za sanduku, na baada ya majuma mawili anazirudisha zote bila kupungua hata senti.

Naomba mtazame kwa makini huko kurudisha, kwa kuwa ndiko kunakopuuzwa. Sisi tungedhani kwamba kilichomharibu ni kule kuchukua. Kwa mtazamo wangu, kilichomharibu zaidi ni kwamba alirudisha kimyakimya, akafanikiwa, na tangu siku hiyo akawa na ushahidi moyoni kwamba yeye si mwizi, maana mwizi harudishi. Mara ya pili anachukua kikubwa zaidi akiwa na dhamiri nyepesi kuliko mara ya kwanza, na mara ya tano anachelewa kurudisha kwa sababu biashara ya mitumba haikutoka, naye bado anajiona mkopaji tu. Hata siku anapobanwa kikaoni, huwa anakasirika kwelikweli, na hasira yake si ya kuigiza, anaona ametukanwa.

Namna kosa linavyopanda ngazi imeonekana pia katika majaribio maarufu ya Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, yaliyochapishwa mwaka 1963. Washiriki waliamriwa kumpiga mtu mwingine mshtuko wa umeme kila alipokosea jibu, wakianzia volti 15 na kuongeza volti 15 kila mara. Umeme wenyewe haukuwapo na aliyekuwa akilalamika alikuwa mwigizaji, lakini wao hawakulijua hilo, na 26 kati ya 40 walifika mwisho kabisa, volti 450. Tumezoea kuyasimulia majaribio hayo kama habari ya utii, na ni kweli, lakini ukubwa wa hatua nao una somo lake: anayekataa volti 195 analazimika kujieleza kwa nini alikubali 180. Kuacha njiani kunamtaka mtu ayahukumu yale aliyokwisha kuyafanya, na wengi huona ni rahisi zaidi kuendelea.

Karibuni mchangie. Nitajibu kadiri nitakavyoweza.

Mchangiaji, Temeke

Ndugu mleta mada, nimekusoma hadi mwisho na nakushukuru, lakini nina mashaka mawili. La kwanza, watafiti unaowataja waliwapima Wamarekani, nao wengi wao walikuwa wanafunzi wa vyuo waliokaa chumbani wakijaza karatasi. La pili ni zito zaidi: hapa kwetu watu hukosa kwa sababu ya njaa. Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 1996, iliyochunguza rushwa nchini, ilisema wazi kwamba wapo wanaopokea rushwa kwa sababu kipato chao hakitoshi kuwakimu. Mtu ambaye mshahara unamwishia tarehe 10 hana nafasi ya kukaa akijipa ruhusa za kifalsafa. Anatazama sufuria.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Temeke, mashaka yako yote mawili ni halali, na la kwanza nitakuongezea nguvu mimi mwenyewe. Taaluma hii imepata aibu si ndogo. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba watu walioandika habari zao kwa maneno ya sifa walijitolea mchango wa wastani wa dola 1.07, ilhali walioandika kwa maneno ya kujilaumu walijitolea dola 5.30. Matokeo hayo yalinukuliwa kila mahali, lakini wengine walipoyarudia majaribio hayo na kuchapisha matokeo mwaka 2014, hawakuyaona. Mwaka uliofuata Irene Blanken na wenzake walizikusanya pamoja tafiti 91 zenye washiriki 7,397, wakakuta kwamba hali ya kujipa ruhusa ipo lakini nguvu yake ni ya kati kuelekea ndogo, na kwamba tafiti zilizochapishwa zilionyesha nguvu kubwa kuliko zile zilizobaki kabatini. Kwa hiyo anayesema kwamba kila jema huzaa kosa anatia chumvi.

Kuna utafiti mmoja ambao mashaka yako hayaugusi sana, kwa kuwa haukufanyika chumbani. Wilhelm Hofmann na wenzake, mwaka 2014, waliwafuatilia watu wazima 1,252 wa Marekani na Kanada kwa kuwauliza maswali kwenye simu zao siku nzima, wakiwa kazini, sokoni na majumbani. Aliyekuwa ametenda jema mapema siku hiyo alikuwa na uwezekano mkubwa kidogo wa kutenda kosa baadaye. Lakini aliyetendewa jema alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kumtendea mwingine jema. Tofauti hiyo inanivutia sana: wema niliotenda mimi unaweza kunilegeza, ilhali wema niliotendewa unanidai.

Kuhusu njaa, ripoti ya Warioba uliyoitaja haikuishia hapo. Iliwatenganisha wanaopokea kwa sababu ya dhiki na wakubwa wanaopokea kwa tamaa, ambao hawana shida ya sufuria hata kidogo. Tena hata kwa mwenye dhiki, njaa inaeleza kwa nini mlango ulifunguliwa mara ya kwanza. Haielezi kwa nini haukufungwa baada ya hali kutengemaa. Nimeona waweka hazina wengi walioanza kwa ada ya mtoto na kuishia kwenye kiwanja cha Kigamboni. Safari ya kutoka ada hadi kiwanja ndiyo ninayoizungumzia.

Mchangiaji, Magomeni

Assalaam alaykum na heri kwa wote. Mimi ni mwalimu wa madrasa, nami naona kwamba dini zililitambua jambo hili kabla ya watafiti. Katika hadithi ya watu saba watakaopata kivuli cha Mwenyezi Mungu, mmoja ni yule anayetoa sadaka kwa siri hata mkono wake wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia, na ndugu zetu Wakristo wanayo maneno yanayokaribiana sana na hayo katika Injili ya Mathayo. Siku zote nimeyaeleza kuwa kinga dhidi ya riya, yaani kujionyesha kwa watu. Baada ya kukusoma, naona ni kinga pia dhidi ya kujionyesha kwa nafsi yako mwenyewe, maana anayeweka orodha ya mema yake atakuja kuitumia.

Nina swali moja. Umelaumu kule kurudisha kimyakimya, lakini sisi tunafundisha kwamba toba ina masharti: kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na ikiwa kuna haki ya mtu, kumrudishia. Je, mweka hazina wako hakuwa ametimiza walau sharti la mwisho?

Mleta mada

Wa alaykum salaam, mwalimu. Umenisaidia kulisema vizuri zaidi. Mweka hazina alitimiza la mwisho na kuyaruka matatu ya kwanza, kwa sababu hakuona kwamba kuna kosa la kuacha wala kujutia. Kurudisha kulichukua nafasi ya majuto badala ya kuyafuata.

Kuna jambo lingine linalokaribiana na toba. Paul Conway na Johanna Peetz walichapisha mwaka 2012 matokeo yanayoonyesha kwamba anayekumbuka matendo yake mema ya karibuni, pamoja na undani wake, huelekea kupumzika, ilhali anayekumbuka ya zamani, kwa namna ya jumla ya kujiuliza yeye ni mtu wa aina gani, huelekea kuendelea kutenda mema. Kwa upande wa makosa huwa vivyo hivyo: kosa la karibuni humsukuma mtu kulifidia, lakini kosa lililozeeka na kugeuka jina lake humfunga humo. Ndiyo maana ninaona kwamba tunajidhuru tunapombandika kijana jina la mwizi kwa kosa la kwanza. Aliyekwisha kuitwa mwizi na mtaa mzima hana sifa ya kuilinda, na asiye na sifa ya kuilinda husema liwalo na liwe.

Mchangiaji, Ubungo

Naomba nilipeleke suala hili kwa viongozi. Wazee wetu waliapa katika ahadi za TANU kwamba rushwa ni adui wa haki, na kwamba hawatapokea wala kutoa rushwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni na nyumba za kupangisha, hadi masharti hayo yalipolegezwa kwa Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Leo viongozi hujaza fomu za mali na madeni kwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Kwa hoja yako, je, kiapo na fomu vinamjenga kiongozi au vinampa ruhusa?

Mleta mada

Swali zuri, na jibu langu linategemea tendo lilimgharimu nini aliyelitenda. Ayelet Gneezy na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba tendo jema lililomgharimu mtu lilimfanya awe mkweli zaidi baadaye, ilhali lile ambalo halikumgharimu chochote halikuwa na nguvu hiyo, na baada yake watu walidanganya zaidi. Kiapo cha kutamka tu hakina gharama. Masharti ya Azimio yalikuwa nayo, kwa kuwa mtu alilazimika kuiacha nyumba ya kupangisha ili abaki na uongozi, na sidhani kwamba ni bahati mbaya kuwa hayo ndiyo yaliyolegezwa huku maneno ya ahadi yakiendelea kutamkwa.

Mfano wa gharama ninaoupenda ni wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyejiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu ya vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga, ingawa si yeye aliyewatesa. Aliacha cheo, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Siwezi kusema ninajua kilichokuwa moyoni mwake, lakini uamuzi ule uligeuka kipimo ambacho Watanzania walikitumia kwake na kwa mawaziri waliomfuata, na bado tunakitumia.

Kuhusu fomu, niongeze kisa cha kuchekesha kwa uchungu. Makala ya kitaalamu ya mwaka 2012 ilidai kwamba mtu akisaini juu ya fomu kabla ya kuijaza, badala ya chini baada ya kumaliza, atasema ukweli zaidi. Iliondolewa rasmi mwaka 2021 baada ya kubainika kwamba data za moja ya majaribio yake zilikuwa zimebuniwa, katika utafiti wa uaminifu! Hivyo sahihi peke yake, iwe juu au chini, mimi siitegemei. Fomu inafaa pale mtu anapojua kwamba kuna atakayekuja kuihakiki.

Mchangiaji, Tabata

Mkuu, tuache nadharia kidogo. Katika kikundi chetu mweka hazina alibanwa mwezi uliopita, akakiri, na amerudisha fedha zote. Ametuhudumia vizuri kwa miaka, na nusu ya wanachama wanataka aendelee. Wewe ungeshauri nini?

Mleta mada

Ningeshauri abaki mwanachama mwenye haki zote, akope kwa masharti ya wote, lakini asishike fedha wala ufunguo kwa mzunguko huu na unaofuata. Hoja ya utumishi wake wa miaka naomba isitumike kumrudisha kwenye nafasi, kwa kuwa ndiyo hoja ileile iliyowafanya mumwachie funguo zote tatu. Itumike kumpa heshima: aliyekiri mwenyewe hastahili kusemwa kwenye magenge wala kutangazwa kwenye kundi la WhatsApp. Kilichotokea kiandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, kwa tarehe na kiasi, naye asaini, ili lisibaki fumbo ambalo kila mtu atalisimulia kivyake.

Mweka hazina mpya, hata awe mcha Mungu kiasi gani, ahesabiwe sanduku mbele ya wanachama kila kikao, kuanzia siku ya kwanza, kabla hajawa na sifa yoyote. Ukaguzi ukianza baada ya mtu kuzeeka katika nafasi, atauona kuwa tuhuma. Ukiwa desturi tangu mwanzo, hakuna anayeona amevunjiwa heshima. Funguo zirudi kwa watu watatu, na mmoja wao akihama, apatikane mwingine kikao hichohicho. Kama mnatumia akaunti ya simu, namba ya siri isikae kwa mtu mmoja. Na kama katiba yenu haisemi nafasi hiyo inashikwa kwa muda gani, irekebisheni kabla ya mgao wa mwisho wa mwaka, kwa kuwa watu wakishachukua chao, akidi ya kikao cha katiba hamtaipata.